Mama Kata na Kadi Iliyofutwa Mara Mbili

Kuna sentensi moja ukimwambia Mama Kata asubuhi, siku yake imeharibika mpaka jioni. Siyo "umeme umekatika." Hiyo ameshaizoea. Ni hii hapa: "Nilijaribu kidogo mwenyewe kwanza." Weee! Akiisikia anavua miwani, anaiweka mezani, anafumba macho, anavuta pumzi kama mtu anayesubiri kudungwa sindano. Mlangoni kwake amebandika karatasi yenye herufi nyekundu, kubwa, hata asiye na miwani anaziona: UKIFUTA, USIGUSE. Watu wanaisoma, wanausifia mwandiko, wanaingia ndani, wanakaa, halafu wanasema, "Nilijaribu kidogo mwenyewe kwanza."

Mama Kata ni fundi wa video. Watu wanamletea sherehe nzima, hotuba zisizoisha, wajomba wanaocheza vibaya, yeye anakata, anaunganisha, anaweka muziki, inatoka kitu cha kutazamika. Kukata kumemwingia damuni. Mumewe ni dereva wa lori, na akirudi akianza kusimulia safari, tangu alivyowasha gari, mkewe anamwambia, "Kata hapo, fika." Na mzee wa watu anafika. Dada yake akipiga simu na umbea mrefu, anaambiwa, "Kata, niambie nani kaachwa."

Ofisi yake ni chumba cha mbele cha nyumba. Kompyuta ziko mbili: moja nzima, nyingine ilishakufa na kazi yake siku hizi ni kuibeba ile nzima iwe juu kidogo. Feni ina shingo iliyofungwa kitambaa. Halafu kuna ukuta. Upande wa pili wa ukuta yupo Jirani wa Cherehani, mshona nguo, na wote wawili wanakula umeme wa swichi moja. Kompyuta ikiwa inafanya kazi nzito na jirani akawasha pasi, swichi inaanguka, pa! Kwa hiyo wana makubaliano. Jirani kabla ya kuchomeka pasi anagonga ukuta na kupiga kelele, "Pasi!" Huku anajibiwa, "Washa!" au "Ngoja!" Mgeni akikaa pale anadhani ni wagonjwa.

Shule ya video hakwenda. Alianza enzi za kanda, dukani kwa kaka yake, akiunganisha kanda zilizokatika kwa gundi ya karatasi na kamkasi ka kucha. Mpaka leo anasema kanda ilikuwa na adabu: ikiharibika unaiona, matumbo nje. Lakini hii kadi ya siku hizi, ndogo kama stempu, inakufa huku inakutazama tu.

Sasa Alhamisi moja asubuhi, kikombe cha chai bado kinatoa moshi, hodi. Akaingia bibi harusi. Yaani binti aliyeolewa wiki iliyopita, macho yamevimba kama kalia njia nzima. Nyuma yake Mjomba Najua, kamera shingoni kama nishani. Jina hilo alipewa na familia, maana kila unachoanza kumwambia anakudaka, "Najua, najua." Ukimwambia choo kimeharibika, anajua. Harusi ilirekodiwa na yeye, kwa sababu alinunua kamera na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumkatalia.

"Shikamoo Mama Kata."

"Marahaba mwanangu. Hongera ya ndoa. Mbona hivyo?"

"Fundi, ni kitu kidogo tu," Mjomba akadakia. "Tatizo nalijua."

"Lipi?"

"Video zimefutika."

"Zimefutika zenyewe?"

"Zimefutika tu."

"Mjomba," bibi harusi akasema, meno yamebana.

"Haya, nilizifuta mimi. Lakini sikiliza. Nilitaka kutoa mapicha ya zamani, nipate nafasi. Kamera ikauliza swali, nikajibu ndiyo."

"Iliuliza nini?"

"Sikusoma lote. Mwishoni ilikuwa inauliza kama nina uhakika. Sasa fundi, mimi ni mtu wa uhakika."

Mama Kata akanywa chai funda moja, akatafuta subira ndani ya kikombe, hakuiona. "Sawa. Inatokea. Baada ya hapo uliiacha hivyo hivyo, hukuigusa?"

Feni ikageuza shingo yake mbovu upande huu, ikarudi upande ule.

"Nilijaribu kidogo mwenyewe kwanza," akasema Mjomba Najua.

Miwani mezani. Macho yakafumbwa.

"Nilijirekodi tu kuona kama kamera bado nzima. Halo, halo, inafanya kazi? Basi, hivyo tu."

"Mara moja?"

"Ile ya kwanza sauti sikuiamini. Nikarudia. Nikarudia tena na taa imewashwa, nikachelewa kuizima. Halafu zote nikazifuta, nisikuletee kadi chafu. Ustaarabu."

"Yaani umeifuta mara mbili."

"Nimeisafisha."

Mama Kata akageukia bibi harusi, maana kumtazama Mjomba kulikuwa kunampandisha presha. "Mwanangu, ukifuta kadi, video haziondoki. Kadi inasahau tu zimelala wapi. Mimi naweza kuzitafuta mpaka nizione. Lakini ukirekodi kitu kipya, kinakwenda kulala palepale, tena bila kuchagua. Mjomba wako amemlaza mgeni juu ya mwenye kitanda."

"Kwa hiyo hazipo?"

"Sijasema. Na simu je? Ukumbi mzima hakuna aliyerekodi kwa simu?"

Bibi harusi akamtazama mjomba wake. Mjomba akatazama feni.

"Alichukua kipaza sauti," binti akasema polepole, "akaagiza kila mtu atie simu mfukoni. Eti wanamharibia kazi."

"Walikuwa wananiziba!"

"Mungu wangu," akasema Mama Kata. Na kutoka upande wa pili wa ukuta ikasikika sauti ya Jirani wa Cherehani, "Mungu wangu!" Maana ukuta ule ni mwembamba na jirani masikio hayana mlango.

Ndipo bibi harusi akaeleza yote. Mama yake hakuwepo harusini. Siku chache kabla alizidiwa na tumbo, akakimbizwa hospitali, akapasuliwa. Watu wakataka kuahirisha, mama akakataa kitandani pale pale, mipira ya dawa mkononi. Akasema, nendeni mkamalize shughuli, mimi nitaiona yote nikirudi, nimekaa kwenye kiti changu. Na Jumamosi anaruhusiwa kutoka.

"Kila nikienda kumwona ananiuliza kitu kimoja," akasema binti. "Ulivyoingia ukumbini, ulitembea taratibu, au ulikimbia kama kawaida yako? Tangu nina miaka mitano ananipigia kelele nitembee kama mtu. Nikakataa kumjibu. Nikamwambia utaona mwenyewe. Sasa ataona nini? Ukuta?"

Akaanza kulia. Mama Kata akanyoosha mkono. "Lete hiyo kadi. Na wewe Mjomba kaa kule, mikono uikalie."

Kwanza akasukuma kile kikufuli kidogo cha pembeni ya kadi ili kisiandikike kitu tena. Akainakili kadi nzima kama ilivyo, na utupu wake wote, akaiweka kwenye kompyuta, halafu kadi yenyewe akaifungia kwenye kopo la vifungo alilopewa na jirani. Kazi yote anafanya kwenye nakala. Mjomba akauliza kwa nini asiifanye kwenye kadi moja kwa moja, si itakuwa haraka? Mama Kata akabana kifuniko cha kopo. Kuna maswali ukiyajibu unazeeka.

Programu ya kutafuta ikaanza kupekua. Ikawa inatoa vitu kimoja kimoja, havina majina, namba tu, kama wafungwa. Cha kwanza kufunguka: mguu wa Mjomba. Cha pili: tairi la gari, mtu anasikika akisema "hii siyo pancha." Cha tatu: dari. Cha nne: mguu tena, ule mwingine.

"Hizo ni za zamani," Mjomba akasema, "ndizo nilizotaka kufuta."

"Hizo ndizo hazijafutika!" bibi harusi akapiga kelele.

Zikafuata zile za halo halo, zote nzima, zinang'aa. Video ya kwanza, pua ya Mjomba imejaa kioo kizima, tundu mbili kama mahandaki, na sauti: "Halo, halo, inafanya kazi?" Ya pili, pua. Ya tatu, pua na taa.

Halafu yakaja mafaili makubwa, manene. Mama Kata akasogea mbele kwenye kiti. Hizi ndizo. Akabonyeza la kwanza. Faili halifunguki. La pili. Halifunguki. La tatu, la nne, kompyuta inajibu kama karani wa dirishani, halifunguki, halifunguki. Harusi nzima imelala mle ndani, uzito wake unaonekana, lakini hakuna hata ukope.

Sasa faili likivunjika namna hii siyo mwisho wa dunia. Ni kama shati lililopotewa na kipimo. Ukipata shati jingine zima, la fundi yuleyule, la kitambaa kilekile, unalilaza juu, unakata kwa kulifuata. Inatakiwa video moja nzima iliyorekodiwa na kamera ileile, kwa mipangilio ileile, programu iitazame na kuzishona zile mbovu.

"Mjomba, chukua kadi hii nyingine, washa kamera, rekodi hapa dakika moja."

"Najua, najua." Akarekodi feni. Wakajaribu. Haikushika. Picha zikatoka rangi ya kijani, vipande vipande.

Mama Kata akamtazama. "Kamera iko vilevile kama siku ya harusi?"

"Iko bora zaidi! Juzi nimeibadilisha mipangilio yote. Ile ya mwanzo ilikuwa ya kizamani."

"Irudishe ilivyokuwa."

"Ilivyokuwa sijui."

Bibi harusi akaacha kulia kwa mshangao. Tangu azaliwe hajawahi kumsikia mjomba wake akitamka neno hilo. Hata upande wa pili cherehani ilisimama.

Mama Kata akakaa. Akatafuna mguu wa miwani. Akatazama kioo, ile orodha ya namba, na polepole sura yake ikawa ya mtu aliyegundua dawa yake ni mafuta ya samaki. "Zile za pua," akasema. "Ulijirekodi kabla ya kubadilisha au baada?"

"Kabla."

"Aibu gani hii."

Maana hakukuwa na njia nyingine. Akachukua video ya kwanza ya pua, akaiweka kama kipimo, akaipa programu faili kubwa la mwanzo. Wote wakasimama nyuma ya kiti chake. Mara kioo kikatetemeka, na maua yakatokea. Maua ya mezani! Kisha meza, kisha ukumbi, kisha watu wa kweli wenye vichwa.

"Si nilisema ni kitu kidogo," akasema Mjomba, na bibi harusi akampiga begani kwa mkoba.

Lakini furaha ikapungua haraka. Kuvalishwa kwa bibi harusi nyumbani, hakuna. Safari ya gari, hakuna. Kuingia ukumbini, mlango haupo: video inaanza binti ameshafika katikati ya ukumbi. Vyote vya mwanzo vimekaliwa na pua. Mama Kata akarudi kupekua mara ya pili na ya tatu, hata vile vijipande ambavyo watu huvipuuza. Pua tupu.

Hapo bado hajaanza hata kuediti! Kompyuta yake mzee wa watu haiwezi kukata video za kamera ile, ni nzito mno, zinakwama kila hatua. Tena mdomo unatangulia, sauti inafuata nyuma kama mtu aliyeachwa na gari. Ikabidi azibadilishe zote, moja moja, ziwe za aina nyepesi, picha na sauti zitembee mwendo mmoja. Kazi ya kusubiri. Akawatuma wageni nyumbani, akawasha, mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Faili la kwanza. La pili. Ijumaa likabaki lile kubwa lenye bibi harusi, mstari unakaribia mwisho kabisa, unabaki upana wa kidole.

Ngo ngo ngo. "Pasi!"

"Ngoja!" akajibu Mama Kata.

Pa! Giza kwenye kioo.

Alitoka nje bila viatu. "Nimekwambia ngoja!"

"Nimesikia washa!" akasema Jirani wa Cherehani, pasi mkononi.

"Washa inafanana wapi na ngoja?"

"Tangu jana unasema washa washa, mimi nimezoea! Na hili gauni linachukuliwa leo, mwenzio nikalinyooshe kwa kukalia?"

"Likalie!"

"Lina marinda!"

Walisemana mpaka muuza mkaa wa upande wa pili wa barabara akaacha kupima akawasikiliza. Walirushiana na mambo ya zamani, ndoo iliyoazimwa, paka. Mwisho Mama Kata akachoka, akakaa kizingitini, akasema tu, "Mama yake anatoka hospitali kesho."

Jirani alishasikia yote ukutani, anajua kuliko Mjomba. Akachomoa waya, akauzungushia pasi, akaibeba na gauni lake la marinda, akaenda kuomba umeme nyumba ya nyuma. Lakini akageuka: "Na mimi nikaione hiyo video."

"Utaiona."

Jumamosi, sebuleni kwa wenyewe. Mama mzazi yuko kwenye kiti chake, mto tumboni, mkono juu ya mto kushikilia nyuzi. Kakonda, lakini macho makali yale yale. Bwana harusi kakaa mkekani, mpole. Jirani wa Cherehani kafika na hajaalikwa. Mama Kata kaunganisha kompyuta kwenye televisheni, na moyoni anasali, maana amefanya alichoweza: kapamba mwanzo kwa maua na muziki mtamu, ili lile shimo lisionekane.

Maua yakaja. Muziki ukaja. Halafu, pu, katikati ya ukumbi, binti yake. Gauni kalishika juu kwa mikono miwili, viatu nje, anakwenda mbio! Bwana harusi yuko nyuma, anamkimbilia huku anajaribu kuonekana hakimbii.

"Nilijua!" mama akapiga kelele. "Nilijua tu! Angalia miguu hiyo! Mwanangu, kulikuwa na moto?"

"Nilikuwa nakuwahi wewe," binti akasema.

Kwenye video akafika mstari wa mbele. Pale kiti kimoja kilikuwa kitupu, ila juu yake umekaa mkoba mweusi, umenyooshwa mikanda, kama mtu mwenye heshima zake. Bibi harusi akainama, akaugusa, akaurekebisha ukae vizuri. Ndipo akaanza kutembea taratibu.

"Mkoba wangu," mama akasema, sauti imeshuka. "Huo mkoba niliutafuta wodini nikadhani umeibiwa. Nimemsema nesi wa watu."

"Tuliuchukua sisi, mama. Tulitaka kiti kiwe na mtu."

Mama alijifuta jicho kwa ncha ya mto. Mama Kata akaanza kupumua, akijua imepita. Haikupita.

"Rudisha nyuma, fundi. Mlangoni alitokaje?"

"Mama, pale..." Mama Kata akaanza.

"Sitaki maua. Maua nimeletewa hospitali mpaka yamenikera. Nataka kabla ya hapo. Kabla ya hapo kuna nini?"

Bibi harusi akamtazama mjomba wake. Wote wakamtazama. Mjomba Najua akakohoa, akasimama, akavua kofia ambayo hakuna aliyeikumbuka kuwa kaivaa.

"Dada," akasema, "kabla ya hapo niko mimi."

"Wewe ulifanya nini pale?"

"Hebu mwonyeshe, fundi. Bora aone mwenyewe."

Mama Kata akasita, akabonyeza. Televisheni nzima, ukuta kwa ukuta, tundu mbili za pua. "Halo, halo, inafanya kazi?"

Mama akatazama pua, akamtazama kaka yake, akaitazama pua tena. Bega likaanza kutikisika. "Nyuzi," akasema, "jamani nyuzi zangu, zimeni, zi..." na hakumaliza, kicheko kilimtoka huku anakumbatia mto na kulia kwa maumivu. "Harusi ya mwanangu umeilalia na pua! Irudie, fundi! Hapana, usirudie, nitapasuka. Irudie!"

Ikarudiwa. Jirani wa Cherehani alianguka kwenye mkeka.

Walipotulia, mama akatoa amri: maua yatoke, muziki utoke. Mwanzo iwekwe pua, ndipo mtoto atokee anakimbia. "Ndivyo ilivyo kwenye kadi, na iwe hivyo. Atakayeuliza kwa nini anakimbia, ataona alichokuwa anakikimbia."

Mama Kata akavua miwani. Miaka yote hii ya kukata pua za watu, midomo yao, vidole vyao mbele ya kamera, leo anaambiwa aiweke mwanzo! Alitaka kubisha. Akamwona yule mgonjwa alivyokaa kwenye kiti chake, kashika tumbo, anacheka na kuuma meno. Akavaa miwani, akakaa chini, akakata maua.

Alipokuwa anafunga vifaa vyake Mjomba Najua akamsogelea, akanong'ona, "Fundi, ile kadi yangu nipatie basi. Kuna mtoto atazaliwa kule kwetu mwezi ujao, wameniomba nikarekodi."

"Nani amekuomba?" sebule nzima ikauliza kwa pamoja.

"Hawajaniomba bado," akasema Mjomba. "Lakini najua."

Kadi mpaka leo iko kwenye kopo la vifungo.